Shajara ya mradi: kupima uzito wa msimu wa Indiana, 2024

Agosti 29, 2024. Mwanzo

Mradi ni huu: kuifuata timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha Indiana mechi kwa mechi, kuanzia Jumamosi hii hadi itakapotoka mashindanoni, na kujaza jedwali moja lenye swali moja: kila ushindi una uzito gani?

Kwa wasomaji ambao mpira kwao ni wa kupigwa kwa mguu, maelezo mafupi. Timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine 4. Ikifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na nyongeza ya 1 kwa shuti linalopita kati ya milingoti. Shuti la aina hiyo likipigwa bila tachidauni ni pointi 3. Anayecheza moyo wa timu ni kwotabeki, ndiye anayepokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Kwa mradi huu hayo yanatosha.

Sababu ya kuhangaika na uzito ni kwamba vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu kabla ya mchujo. Hakuna nyumbani na ugenini ambamo kila timu inakutana na kila timu, kama ilivyo Ligi Kuu ya Tanzania Bara au ya Kenya. Timu mbili zinaweza kumaliza na ushindi 11 kila moja bila kuwa na mpinzani hata mmoja wa pamoja. Mwishowe kamati ya watu 13 inakaa mezani na kuamua nani ni nani. Mwaka huu ni mara ya kwanza mchujo kuwa na timu 12 badala ya 4, kwa hiyo kelele zitakuwa nyingi. Nataka tuwe na karatasi yetu wenyewe kabla kelele hazijaanza.

Jedwali lina safu nne: matokeo, rekodi ya mpinzani siku ya mechi, rekodi ya mpinzani leo, na mpinzani huyo amewafanyia nini wengine. Safu mbili za mwisho zitaandikwa upya kila Jumapili hadi fainali, hata kwa mechi zilizochezwa zamani. Hapo ndipo kazi ilipo.

Sasa timu yenyewe. Mwaka jana Indiana walishinda 3 wakapoteza 9. Katika historia yao yote hawajawahi kushinda mechi 10 ndani ya msimu mmoja. Kikomo chao ni 9, mwaka 1945 na mwaka 1967. Msimu ule wa 1967 ndio uliowapeleka Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya inayochezwa Pasadena, California, mara yao pekee, wakalala 14-3 mbele ya USC (Chuo Kikuu cha Kusini mwa California) siku ya mwaka mpya wa 1968. Hapa Bloomington, mji wa chuo hiki, mapenzi ya watu yako kwenye mpira wa kikapu, wenye mataji 5 ya taifa. Futiboli huangaliwa kwa uvumilivu, na uwanja unaoingiza watu elfu 52 na zaidi huwa na nafasi nyingi za kunyoosha miguu kipindi cha pili.

Kocha ni mpya, Curt Cignetti, mwenye miaka 63. Amewahi kuwa msaidizi wa kocha mashuhuri Nick Saban pale Alabama kati ya 2007 na 2010, kisha akaanza kupanda ngazi akiwa kocha mkuu: Indiana University of Pennsylvania (chuo kingine kabisa, kilicho jimbo la Pennsylvania), Elon, halafu James Madison kule Virginia. Kote huko hajawahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Dada yangu aliye Morogoro, ambaye amekubali kuwa msomaji wa kwanza wa jedwali, ameuliza swali la maana kabisa: kama mwaka jana walishinda tatu tu, hao wachezaji wa kubadilisha mambo watatoka wapi? Jibu ni usajili. Tangu 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima, na Aprili mwaka huu sheria ililegezwa zaidi. Cignetti amekuja na wachezaji 13 kutoka James Madison. Kwotabeki, Kurtis Rourke, ni Mkanada aliyetoka Chuo Kikuu cha Ohio, ambacho ni chuo tofauti kabisa na Ohio State. Mkimbiaji Justice Ellison katoka Wake Forest. Ni kikosi cha watu wazima wanaofahamiana na kocha wao, ingawa jezi ni mpya.

Septemba 8. Mistari miwili ya kwanza

Florida International 31-7. Western Illinois 77-3.

Mechi ya pili nimeiingiza lakini nimeipaka rangi ya kijivu. Western Illinois wanacheza daraja la chini, na pointi 77 haziniambii chochote zaidi ya kwamba Indiana hawakulala. Vyuo vikubwa hununua mechi za namna hii. Chuo kidogo hupata hela, chuo kikubwa hupata ushindi. Sitaifuta, kwa sababu kamati nayo itaihesabu.

Septemba 16. UCLA ugenini

42-13, kule Pasadena, kwenye uwanja uleule wa Rose Bowl. UCLA wamehamia ligi ya Big Ten mwaka huu pamoja na USC, Oregon na Washington, na sasa ligi ina timu 18. Kwa ratiba ya mwaka huu Indiana hawakutani na Oregon wala Penn State. Nimeliandika hilo juu kabisa ya jedwali kwa herufi nzito, kwa sababu litarudi.

Nilichopenda ni jinsi walinzi walivyocheza. Aiden Fisher na Mikail Kamara, wote wawili wa James Madison, walikuwa wanafika kwenye mpira kabla mtangazaji hajamaliza kutaja jina la aliyeubeba.

Oktoba 6. Mechi sita, ushindi sita

Charlotte 52-14, Maryland 42-28, Northwestern 41-24. Tangu 1967 Indiana hawajaanza hivi.

Mechi ya Maryland ndiyo ya kwanza kuwa na jasho kidogo. Safu ya tatu haijaanza kusema kitu. Wapinzani hawa bado wana msimu mrefu mbele yao. Wiki ijayo hakuna mechi, kwa hiyo nitatumia muda huo kukagua maandishi ya nyuma.

Oktoba 20. Nebraska, na kidole gumba

56-7. Nebraska walikuja Bloomington wakiwa na ushindi 5 na kipigo 1, wakaondoka wamechapwa kwa tofauti ya pointi 49. Uwanja ulijaa. Watu walibaki mpaka mwisho, tena wamesimama.

Lakini Rourke aliumia kidole gumba cha mkono wake wa kurushia kabla ya mapumziko na hakurudi. Tayven Jackson aliingia na kazi ikaendelea kama kawaida. Taarifa inasema Rourke anahitaji upasuaji mdogo. Kwa mrusha mpira, gumba ndilo linaloubana mpira kabla haujatoka mkononi. Kwa jedwali hili ni jambo la kufuatilia kwa makini, kwa sababu swali letu limebadilika kidogo: tunapima timu, au tunapima mtu mmoja?

Oktoba 27. Washington bila Rourke

31-17. Jibu la kwanza limepatikana.

Hii niliangalia nikiwa uwanjani, na nataka kuieleza mwanzo wake. Washington ndio walioanza na mpira, wakawa wanausogeza vizuri tu. Halafu kwotabeki wao akarusha pembeni, na D'Angelo Ponds akawa ameshaisoma pasi hiyo kabla haijaondoka. Ponds ni mfupi, mwembamba, ukimkuta mtaani huwezi kudhani anacheza mchezo huu. Aliunyakua mpira hewani bila kupunguza mwendo, na kwa sababu alikuwa tayari anaelekea upande wa pili, hakukuwa na wa kumkimbiza. Tachidauni. Indiana wakawa mbele kabla kwotabeki wao wa akiba hajagusa mpira.

Hilo nimelitilia mkazo kwenye maelezo ya mstari huu. Timu iliyokosa kwotabeki wake ilipewa pumzi na walinzi wake. Timu inayotegemea ratiba nyepesi peke yake haina akiba kama hiyo.

Ushindi 8, hakuna kipigo.

Novemba 3. Michigan State

47-10 ugenini, Rourke amerudi. Walitanguliwa 10-0, na hiyo ni mara yao ya kwanza msimu huu kuwa nyuma kwenye ubao. Kisha wakafunga pointi 47 mfululizo. Ushindi wa tisa. Rekodi ya 1945 na 1967 imefikiwa.

Novemba 10. Kumi

Michigan 20-15. Indiana wana ushindi 10 kwa mara ya kwanza tangu chuo hiki kianze kucheza futiboli.

Nitaandika furaha yangu mstari mmoja: niliwaona wazee waliokata tiketi za uwanja huu tangu ujana wao wakikumbatiana na wanafunzi wasiowajua, na sitaisahau siku hiyo.

Sasa takwimu. Kipindi cha kwanza kiliisha 17-3. Kipindi cha pili washambuliaji wa Indiana walisogeza mpira yadi 18 tu. Kumi na nane, kwa dakika thelathini. Ukuta wa mbele wa Michigan, wenye Mason Graham na Kenneth Grant katikati, uliwasukuma watu wa Indiana nyuma kila jaribio, na Rourke hakuwa na muda wa kuinua kichwa. Walinzi ndio walioishikilia mechi, na shuti moja la pointi 3 likawapa nafasi ya kupumua.

Hii ndiyo mechi yenye habari nyingi kuliko zote 10, na nadhani watangazaji wameipita haraka kwa sababu ya shangwe. Mahali pa kuwaumiza Indiana pameonekana: katikati, mbele kabisa, pale watu wa kilo 140 wanapogongana kabla mpira haujafika popote. Michigan wana rekodi ya 5-5 sasa, lakini ukuta wao ni wa daraja jingine. Baada ya wiki mbili Indiana wanakwenda kwa wenye ukuta mkubwa zaidi, Ohio State.

Novemba 17. Wiki ya mapumziko

Chuo kimempa Cignetti mkataba mpya wa miaka 8, wastani wa dola milioni 8 kwa mwaka.

Nimeandika upya safu ya tatu yote. Haipendezi. UCLA, Maryland, Northwestern, Charlotte, Florida International: wote wako chini ya nusu. Nebraska, walioingia Bloomington wakiwa 5-1, wameanza kuporomoka. Kila wiki ushindi wa Indiana unapungua uzito bila Indiana wenyewe kucheza. Kwenye runinga hoja ni moja tu: hawajacheza na mtu.

Msomaji mmoja wa Nairobi ameandika kwamba mbona tofauti za pointi hazihesabiwi. Timu dhaifu unaweza kuifunga kwa pointi 7 kwa bahati, lakini huwezi kuifunga kwa 40 kila wiki kwa bahati. Nakubaliana naye, kaona mbali. Jumla mpaka sasa ni pointi 439 za kufunga na 138 za kufungwa katika mechi 10. Ratiba nyepesi inaweza kukupa ushindi. Pengo la wastani wa pointi 30 kwa mechi inabidi ulitafute mwenyewe.

Novemba 24. Ohio State

38-15. Wamepoteza.

Namba 2 ya nchi dhidi ya namba 5, Columbus, nyumbani kwa Ohio State, uwanja wa watu zaidi ya laki moja. Indiana walianza na mpira na wakaupeleka mpaka mwisho wa uwanja: 7-0, na kwa dakika chache uwanja wote ukanyamaza. Ilikuwa mpango safi, pasi fupi na mikimbio ya pembeni, kuukwepa ukuta wa katikati.

Kisha Ohio State wakarekebisha, na yaliyotokea dhidi ya Michigan yakatokea tena, zaidi. Rourke aliangushwa chini mara 5. Indiana walimaliza mechi na yadi 151 kwa jumla. Huwezi kushinda popote kwa yadi 151.

Lakini nimeiangalia tena mechi yote leo, na kuna sehemu mbili ambazo lazima ziandikwe. Ya kwanza: matokeo yakiwa 7-7, dakika chache kabla ya mapumziko, Indiana walitaka kuupiga mpira mbali kwa mguu ili kuondoa hatari. Mpira uliporushwa nyuma kwa mpigaji ukamponyoka, Ohio State wakauchukua karibu kabisa na mstari wa goli, na muda mfupi baadaye ikawa 14-7. Ya pili: mwanzo wa kipindi cha pili, Indiana wakaupiga mpira mbali, safari hii vizuri, na Caleb Downs akaudaka. Aliusubiri wa kwanza afike, akampisha kwa bega, akaingia katikati ya wawili waliokuwa wanakuja kwa kasi mno, halafu akatokea pembeni ambako hakukuwa na mtu. Yadi 79. 21-7.

Pointi 14 zimetoka kwenye mipira ya mguu. Hilo halibadilishi yadi 151, wala sitajaribu kulitumia kubadilisha. Ohio State walikuwa bora. Ila anayesema kipigo hiki kinathibitisha kwamba ushindi 10 wa nyuma ulikuwa wa bure amesoma ubao wa matokeo tu. Kipigo kimoja kinaeleza umbali kati ya timu mbili. Bado hatujui Ohio State wako juu kiasi gani kwa wengine wote, na hatutajua mpaka Januari.

Safu ya nne ya mstari huu naiacha wazi kwa makusudi.

Desemba 1. Purdue, na habari kutoka Columbus

Purdue 66-0. Huu ni uhasama mkongwe wa jimbo, wanashindania ndoo ya mbao inayoitwa Old Oaken Bucket, na tofauti hii ni kubwa kuliko zote tangu ndoo hiyo ianze kushindaniwa mwaka 1925. Purdue wamemaliza na ushindi 1 na vipigo 11, kwa hiyo uzito ni mdogo. Kuna ulinganisho mmoja mzuri: mwezi Septemba Notre Dame waliwafunga Purdue haohao 66-7. Pointi zilezile 66. Nimeuingiza.

Habari kubwa imetoka kwingine. Michigan wamewafunga Ohio State 13-10, Columbus, mbele ya umati uleule. Michigan hao ndio Indiana waliowafunga wiki tatu zilizopita. Mstari wa Novemba 9, uliokuwa unafifia, umepanda kwa usiku mmoja. Dada ameniandikia usiku wa manane wa Morogoro: "Sasa nimeelewa kwa nini unaandika upya kila Jumapili."

Indiana wamemaliza msimu wa kawaida 11-1.

Desemba 8. Orodha imetoka

Mabingwa 5 wa ligi walio juu zaidi wanaingia moja kwa moja, nafasi 7 zinabaki za kuchaguliwa. Indiana ni namba 10. Watakwenda South Bend kucheza na Notre Dame, namba 7, Ijumaa ya Desemba 20. Ni mechi ya kwanza kabisa ya mchujo huu mpya, na vyuo vyote viwili viko jimbo moja.

Alabama wameachwa nje wakiwa na vipigo 3, na kelele nilizozitarajia Agosti zimefika. Wengi wanasema nafasi ya Indiana ilikuwa haki ya Alabama au ya mwingine wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini. Jedwali letu linasema nini? Kwamba Indiana hawana ushindi mkubwa, ni kweli. Kwamba wamepoteza mara moja tu, kwa timu ambayo kila mtu anaiogopa, nayo ni kweli. Alabama walipoteza kwa Vanderbilt na kwa Oklahoma. Ukiniuliza mimi, timu iliyofanya ilichopangiwa kila wiki, na kwa pengo lile, imeshalipia kiti chake. Nasimama hapo.

Desemba 21. Notre Dame

27-17. Safari imeishia South Bend.

Baridi kali, umati mkubwa, na mwanzo ulikuwa wa Indiana kwa dakika kadhaa. Rourke aliwafikisha karibu na mstari wa goli, akarusha, na Xavier Watts wa Notre Dame akauiba mpira karibu na mstari wake mwenyewe. Mara Jeremiyah Love akapewa mpira, akapita katikati ya ukuta, na hakuna aliyemgusa kwa yadi 98. Badala ya Indiana kuongoza, wakawa nyuma 7-0. Mapumziko ilikuwa 17-3. Ilipofika 27-3 mechi ilikuwa imekwisha. Tachidauni mbili za Indiana zilikuja ndani ya dakika 2 za mwisho.

Naandika hivi waziwazi ili mtu asije kutumia jedwali langu kudai kwamba mechi ilikuwa ya karibu. Haikuwa. Ukuta wa mbele tena: Rourke akisukumwa, mikimbio ikizimwa katikati. Ni hadithi ya Michigan na ya Ohio State kwa mara ya tatu.

Usiku huohuo watangazaji walianza kusema kwamba Indiana waliharibu mashindano na kwamba kamati ijifunze. Mechi nyingine tatu za raundi hii hazijachezwa. Nimeacha safu ya nne wazi hapa pia.

Desemba 22. Nyongeza fupi

Zimekwisha zote nne. Penn State 38, SMU 10. Texas 38, Clemson 24. Ohio State 42, Tennessee 17. Wageni wote wanne wamefungwa: kwa 28, kwa 14, kwa 25, na Indiana kwa 10. Tennessee ni wa SEC. Sijaona bado mtu aliyesema Tennessee waliharibu mashindano.

Januari 21, 2025. Safu ya nne imejaa

Fainali ilichezwa jana Atlanta. Ohio State 34, Notre Dame 23.

Timu mbili pekee zilizowafunga Indiana msimu mzima ndizo zilizokutana fainali. Nimejaza mistari miwili niliyoiacha wazi, na hivi ndivyo inavyosomeka.

Ohio State, kwenye mchujo, waliwafunga Tennessee kwa pointi 25, Oregon kwa 20, Texas kwa 14, Notre Dame kwa 11. Indiana walifungwa na Ohio State haohao kwa 23, wakiwa ugenini. Oregon walikuwa mabingwa wa Big Ten, namba 1 ya nchi, hawajapoteza mechi, na kule Rose Bowl walijikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko. Wakamaliza 41-21. Hakuna aliyesema Oregon hawastahili.

Notre Dame waliwafunga Indiana kwa 10, Georgia kwa 13, Penn State kwa 3. Georgia ni mabingwa wa SEC. Bila shaka zile tachidauni mbili za mwisho zinaipamba namba ya Indiana, nimeiwekea alama. Hata ukiziondoa, Indiana wanabaki kuwa timu iliyozidiwa na wale waliomzidi kila mtu.

Upande wa pili wa jedwali, safu ya tatu imefungwa rasmi na haina huruma. Kati ya timu 11 walizozifunga, zilizomaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo ni mbili: Michigan 8-5 na Nebraska 7-6. Washington walimaliza 6-7. Waliosema ratiba ilikuwa nyepesi walikuwa na haki juu ya ratiba. Juu ya timu walikosea, na ushahidi wa kuwakosoa haukuwapo Novemba 24 wala Desemba 20. Umekuja jana usiku. Hukumu zilitolewa saa moja baada ya kila mechi, wakati nusu ya ushahidi ilikuwa haijachezwa. Hilo ndilo lililonisukuma kuanza jedwali, na sasa lina namba zake.

Jumla ya msimu: mechi 13, ushindi 11, pointi 537 za kufunga, 203 za kufungwa. Wastani 41.3 kwa 15.6. Kura ya mwisho ya waandishi ya shirika la habari la AP imewaweka nafasi ya 10. Rourke amemaliza na tachidauni 29 za kurusha na mipira 5 tu iliyoibwa. Kamara amewaangusha makwotabeki mara 10.

Februari 2, 2025. Mistari inayofunguliwa tena

Imetoka habari kwamba Rourke alicheza msimu wote akiwa na kano ya goti iliyochanika. Ni goti lilelile la kulia aliloumia akiwa Ohio mwaka 2022. Mechi 12, akiwa na gumba lililopasuliwa katikati ya msimu, na goti ambalo kwa wachezaji wengi lingekuwa mwisho wa mwaka.

Naheshimu alichokifanya kwa moyo wote. Kwa mradi huu, habari hii inalazimisha kurudi kwenye mechi tatu: Michigan, Ohio State na Notre Dame. Nimekuwa nikiandika kwamba ukuta wa mbele ndio uliovunjika. Bado naamini hivyo. Lakini kwotabeki asiyeweza kuukanyagia mguu wake vizuri hawezi kutoka pembeni pale ukuta unapovunjika, na kati ya zile mara 5 alizoangushwa Columbus, baadhi huenda zilikuwa za kukwepeka kwa goti zima.

Nimeongeza safu ya tano: majeruhi waliojulikana baadaye. Msomaji wa Nairobi amejitolea kuangalia video ya Notre Dame, jaribio kwa jaribio, akiandika kila mara Rourke alipobaki palepale badala ya kutoka. Mimi naanza na Ohio State leo jioni.

Kwa msimu ujao kuna mstari mmoja tu kwenye ukurasa mpya. Fernando Mendoza, kwotabeki, anahamia kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Na Cignetti anaendelea kusajili wanaume wa ukuta wa mbele.